Hesabu ya Kurudi

Mwezi wa Februari 1886, msafara wa watu waliochoka uliingia Rabai, nyuma ya Mombasa, ukipeperusha bendera ya buluu. Kwenye ile bendera palikuwa na neno moja tu kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wanaosoma Biblia wanalijua. Ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba katika Samweli wa Kwanza, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Walioujua msafara ule ulivyoondoka Julai ya mwaka uliotangulia hawakuhitaji maelezo marefu. Waliondoka na askofu, wamerudi bila askofu.

Aliyewarudisha aliitwa William Jones. Usidanganywe na jina, hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika aliyewahi kuuzwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari kule India, karibu na mji wa Nasik, kisha akaletwa pwani ya Kenya pamoja na wenzake wa aina yake. Hapa kwetu watu hao waliitwa Bombay Africans. Mwaka 1885 alifanywa shemasi wa Kanisa la Anglikana, na wiki chache baadaye akafunga safari kwenda bara na James Hannington, askofu wa kwanza wa eneo lote walilokuwa wakiliita Afrika ya Mashariki ya Ikweta.

Jina la Hannington nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili. La Jones nililipata nikiwa mtu mzima, nimeshatoka chuo kikuu bila cheti, nasoma ninachotaka bila kuulizwa na mtihani. Nilipolipata nilishangaa kwa sababu moja: safari yake kubwa haikuanzia pwani. Ilianzia Mumias, katika kaunti yetu hii ya Kakamega, mahali ambapo ukitoka Malinya na nduthi asubuhi unafika chai ikiwa bado moto kwenye chupa. Pale ndipo Jones alipopanga kurudi.

Nalisema hili kwa sababu sisi pia tunapanga. Tuko watu saba hapa Malinya, magari mawili, Land Cruiser kuukuu ya dizeli na pikapu ambayo fundi wetu ameifungua na kuifunga mara nyingi kuliko kiwanda kilichoiunda. Mwaka jana tuliondoka kwenda Ziwa Turkana kwa njia ya mashariki: Eldoret, bonde la Kerio, Baringo, Maralal, Baragoi, South Horr, hadi Loiyangalani. Hatukufika. Mbele ya Baragoi mvua ya milimani ilishusha maji kwenye laga, ule mkondo unaokaa mkavu miezi na miezi halafu siku moja unakuwa mto. Tukalala kando ya maji usiku mmoja, asubuhi bado yanapita, tukageuza. Safari imebaki kiporo, na kiporo bana, kila mtu anataka kukimalizia.

Tangu Agosti tunakutana Jumapili jioni kuipanga upya. Na mimi, ambaye si fundi wala dereva wa maana, kazi yangu kwenye kikundi ni kusoma. Nimewasomea wenzangu habari za waliopita njia hii kabla yetu. Wengine wanasinzia. Lakini kuna jambo limejitokeza ambalo hata wanaosinzia wamelikubali: karibu kila safari iliyoharibika kwenye njia hii ilikuwa na mpango mzuri wa kwenda, na mpango mbovu wa kurudi.

*

Tuanze na wale waliokwenda na kurudi mpaka ikawa ndiyo kazi yao.

Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alikuwa Mzungu wa kwanza kukatiza nchi ya Wamaasai hadi kwetu huku, mwaka 1883. Ni kweli. Wasichosema kwa sauti ni kwamba alipita kwa kujiunga na msafara wa mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, Jumbe Kimameta, mtu mwenye jicho moja na makovu ya ndui usoni. Kwa Thomson ile ilikuwa safari ya uvumbuzi. Kwa Kimameta ilikuwa safari nyingine ya kikazi. Alijua Wamaasai wangedai hongo kiasi gani, na shanga za rangi gani zilikuwa zimepitwa na wakati. Mzungu alikuwa na ramani yenye nafasi nyeupe. Kimameta hakuhitaji ramani, kwa sababu hiyo nafasi nyeupe ndiyo alikokuwa akitafuta riziki.

Baada ya Baringo, Thomson akaendelea kuja upande wetu. Njia ilipanda milima ya Watugen, ikashuka bondeni, ikapanda tena ukuta wa Elgeyo, kisha ikafunguka kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Leo ukipita pale ni mahindi hadi macho yachoke, na malori yanayoelekea Eldoret. Wakati ule palikuwa patupu. Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa na vita vya wao kwa wao, na nchi yao ikabaki nyasi na wanyama. Kwa msafara, patupu maana yake ni hivi: hakuna wa kukuuzia chakula. Ulichobeba ndicho utakachokula, mpaka utokee Kabras, Malava ya leo. Thomson alipofika huko mwishoni mwa Novemba alifurahia chakula tele cha Waluhya kilichouzwa kwa bei ya chini. Nikisoma hapo huwa najisikia kama mwenyeji aliyesifiwa.

Hapa inakuja hesabu ambayo watu wa misafara walikuwa nayo kichwani, nasi tumelazimika kujifunza upya. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, kama frasila mbili. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, karibu gramu 700. Sasa chukua watu 100 wanaokatiza nchi tupu kwa siku 10. Watakula kilo 700. Gawanya kwa 30, unapata mizigo 23. Yaani katika watu mia, 23 wamebeba chakula tu, hawana shanga wala nguo wala risasi. Ukiamua kubeba pia chakula cha kurudi, siku nyingine 10, ni mizigo 47. Karibu nusu ya msafara imekuwa ghala linalotembea.

Kwa hiyo kiongozi wa msafara alikuwa na uamuzi mgumu kabla hata ngoma ya kuondoka haijapigwa. Abebe biashara nyingi na kutumaini kupata chakula cha kurudi mbele ya safari? Au abebe chakula na kupata faida kidogo? Wazoefu walitatua kwa njia ya tatu: kituo. Taveta ilikuwa kituo. Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, ilikuwa kituo. Mumias kikawa kituo. Unaacha akiba kwa watu unaowajua, unaendelea ukiwa mwepesi, na ukirudi unajua kuna mahali pa kula. Kituo hakijengwi kwa mawe pekee. Kinajengwa kwa kuelewana na wenyeji, na kuelewana huko ndiko kulikokuwa mali halisi ya watu kama Kimameta.

Neno posho halijafa. Hapa Malinya ukisema unaenda posho mili kila mtu anajua unaenda kusaga mahindi. Lakini maana yake ya kwanza ni ile ya barabarani: fungu la chakula la siku, lililopimwa, la mtu aliye safarini.

Nilipoitoa hesabu hii kwenye kikao, fundi wetu aliinyamazia kidogo, akasema, "Hiyo ni dizeli." Na kweli ni dizeli. Kutoka Maralal hadi Loiyangalani ni kama kilomita 230 za mawe na mchanga. Kwa magari yetu, yakiwa yamejaa, tunahesabu kilomita 5 kwa lita. Kwenda na kurudi ni kilomita 460, lita 92 kwa gari, lita 184 kwa yote mawili. Ongeza theluthi moja ya kupotea njia, kukwama na kuzunguka laga, unafika lita 245 hivi. Matangi yetu yanabeba 180. Zinazobaki ni jerikeni nne juu ya gari, na kila jerikeni inakula nafasi ya kitu kingine. Maji nayo: watu saba, siku sita, lita tano kwa siku, ni lita 210, na maji hayana huruma, lita moja ni kilo moja. Mafuta hupatikana Loiyangalani, tumeambiwa. Katika hesabu yetu tumeandika kwamba hayapo.

*

Sasa turudi Mumias, mwaka 1885.

Hannington aliondoka Rabai mwezi Julai na watu kama 200. Alichagua njia ya Wamaasai, ile ya Thomson, badala ya njia ya zamani iliyopita kusini mwa Ziwa Viktoria. Ilikuwa fupi zaidi, na ilikuwa na baridi ya nyanda za juu. Kwa upande wa kwenda mpango wake haukuwa mbaya. Alifika kwa Nabongo Mumia mwezi Oktoba na msafara wake ukiwa bado unasimama. Wasafiri bado walipaita mahali hapo Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Mumia, ingawa mzee huyo alishafariki.

Alichokuwa hajui, au alichojua nusu, ni siasa ya mbele. Buganda ilikuwa imeshika imani kwamba hatari yake ingetoka mashariki, kupitia Busoga. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wanajitwalia nchi za pwani, na habari hizo zilimfikia Kabaka Mwanga. Wamisionari waliokuwa Buganda waliandika barua za kuonya kwamba njia ya mashariki isitumiwe. Barua zilichelewa. Njia fupi ikawa ndiyo njia ya kifo.

Pale Mumias, Hannington aligawa msafara. Alichukua watu 50 wepesi, akaenda mbele. Jones akaachwa na wengine, kama 150, asubiri habari. Tarehe 29 Oktoba 1885, baada ya kushikiliwa kwa siku kadhaa kwa chifu Luba kule Busoga, Hannington aliuawa pamoja na karibu watu wake wote. Wanne tu ndio waliotoroka na kurudi kumweleza Jones.

Jaribu kusimama mahali pake. Uko Mumias. Una watu 150 wanaokula kila siku. Mkubwa wako amekwenda na maneno ya mwisho aliyokuachia ni usubiri. Wanaokuletea habari ni watu waliokimbia usiku, na kila mmoja ameona kipande chake. Ukiondoka mapema na kumbe askofu yu hai, umemwacha mgeni katika nchi ngeni bila akiba. Ukichelewa, chakula kinaisha, shanga zinaisha, na vita vinaweza kukufuata ulipo. Kati yako na pwani kuna zaidi ya kilomita 700 hata ukipiga mstari ulionyooka, na hakuna aliyewahi kutembea mstari ulionyooka hapa nchini.

Jones alisubiri. Alisubiri wiki kadhaa, mpaka Desemba, mpaka kukawa hakuna tena sababu ya kutumaini. Kisha akaondoka na watu wote. Walipita Kabras, wakapanda uwanda ule mtupu, wakashuka Elgeyo, wakapita Baringo na nchi ya Wamaasai, wakateremka hadi pwani. Mwezi Februari wakaingia Rabai na ile bendera.

Kila ninaposimulia hapa, kuna mtu hukimbilia bendera, kwa sababu ni kitu cha kuonekana. Mimi nimekaa zaidi na zile wiki za kusubiri. Kwenda mbele kunahitaji ujasiri, na ujasiri una mashabiki. Kusubiri kunahitaji kitu kingine, mtu ahesabu vibaba vilivyobaki kila asubuhi huku watu wakimtazama usoni kutafuta dalili. Kuna siku moja ambayo ni lazima aseme: leo ndiyo mwisho, tunarudi. Hakuna kitabu kinachomwambia ni siku gani.

Kihistoria, Hannington ana sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa la Anglikana. Jones aliendelea na kazi Rabai. Katika vitabu vingi vya habari za askofu, Jones hutokea kurasa za mwisho, kama mtu anayekuja kufunga mlango. Lakini kama tungekuwa tunaandika historia ya njia badala ya historia ya wakubwa, yeye ndiye angekuwa katikati. Watu mia na hamsini waliona makwao tena kwa sababu yake. Wapagazi hao majina yao hatunayo. Tunao waume, baba na wana waliofika Rabai wakiwa hai, na hilo ndilo lililokuwa kazi ya msafara tangu mwanzo.

Njia yenyewe haikudumu. Miaka ya 1890 Waingereza walikata barabara ya mikokoteni kuelekea magharibi, ile ya Kapteni Sclater. Mwaka 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu, na Mumias ikabaki pembeni. Mwaka 1920 hata makao makuu ya wilaya yakahamishwa kuja Kakamega. Nabongo Mumia aliishi mpaka 1949, akaona mji aliopokelea misafara ukigeuka kuwa soko la kawaida.

*

Kaskazini ya Baringo ni hadithi nyingine, na ndiyo njia yetu.

Huko alitangulia Hesabu Sámuel Teleki wa Hungary, na mwenzake Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria. Neno hesabu hapa ni cheo cha kibwanyenye, si ile ya vibaba, ingawa angefanya vizuri kuwa na zote mbili. Waliondoka Pangani mwanzoni mwa 1887, na unadhani nani alikuwa kwenye msafara? Jumbe Kimameta, na jicho lake moja. Februari 1888 waliondoka upande wa Baringo kwenda kaskazini, wakapita nyanda za Leroghi ambako leo kuna Maralal, wakapita chini ya mlima Nyiro, na mwanzoni mwa Machi wakaliona ziwa. Teleki akalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha kifalme cha Austria. Lilikuwa na majina kabla yake, na mwaka 1975 likarudishiwa moja: Turkana.

Walilishukia likiwa limetandaa mbele yao, maji yasiyo na mwisho, na watu wana kiu ya kufa. Walikimbilia ufuoni. Maji yalikuwa na magadi. Hebu fikiria: unatembea siku nyingi ukijiambia, tukifika ziwani tumepona, kumbe ziwa lenyewe halinyweki vizuri. Waliishi nayo hivyohivyo, hapakuwa na mengine. Na waliporudi Baringo kwa kuzungukia upande wa magharibi, ndipo njaa iliwapiga kwelikweli. Ule msafara ulikuwa na chakula cha kufika. Cha kurudi kilitegemea bahati.

Kisha Vivian Fuchs. Huyu ndiye nimewasomea wenzangu mara mbili, kwa sababu yeye alikuwa anarudi, kama sisi. Mwaka 1930 na 1931 alikuja Afrika Mashariki kama mwanajiolojia wa msafara wa Cambridge uliochunguza maziwa yetu, Turkana likiwamo. Mwaka 1934 akarudi akiwa kiongozi wa msafara wake mwenyewe. Alikuwa na magari, alikuwa na vyombo, na alikuwa ameshaiona nchi. Wawili katika kundi lake, Martin aliyekuwa mpima ardhi na Dyson aliyekuwa daktari, walivuka kwa mashua kwenda kisiwa cha kusini. Hawakuonekana tena. Walitafutwa, hata kwa ndege. Miili haikupatikana.

Ziwa lile lina upepo. Si upepo wa kupeperusha kofia, ni upepo wa kupindua chombo, unashuka kutoka mlima Kulal kama kitu kilichofunguliwa mlango. Leo upepo huohuo unatusukumia umeme: kusini mashariki mwa ziwa kuna mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Wanaoishi ufuoni waliujua upepo huo na saa zake kabla ya Fuchs na kabla ya mitambo.

Fuchs aliishi kuwa mashuhuri. Mwaka 1957 na 1958 aliongoza kundi la kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, kwa siku 99. Nani alimrahisishia? Edmund Hillary na watu wake, waliotoka upande wa pili wa bara na kuweka akiba ya chakula na mafuta njiani, kituo baada ya kituo. Yaani Njemps na Taveta, ila kwenye barafu. Watu wa Pangani wangeielewa ramani ile bila kuelezwa.

*

Kuna methali ya mabaharia wa pwani: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Zunguka chomboni utakavyo, mbele na nyuma, mwisho utarudi mle chini maji yanakokusanyika. Ndiyo maana nasema safari ya pili ina hatari ambayo ya kwanza haina. Ya kwanza unaogopa, kwa hiyo unauliza. Ya pili unakumbuka, kwa hiyo huulizi. Na kumbukumbu ya nchi kama ile inazeeka haraka. Laga linahama. Kisima kinakauka. Kwa ajili ya mitambo ya upepo zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis zilitengenezwa upya, kwa hiyo hata swali la njia ipi ni fupi lina jibu jingine leo kuliko miaka kumi na tano iliyopita.

Amani nayo inahama. Kwenye kikao kimoja mwenzetu alileta wazo la mkato: badala ya kuzunguka Maralal, tushuke bonde la Suguta moja kwa moja kutoka upande wa Baringo. Kwenye simu mstari unaonekana mzuri. Ni bonde la joto kali, limefungwa na volkano upande wa ziwa, na ndani yake, mwezi Novemba 2012, karibu na Baragoi, zaidi ya polisi 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Walikuwa na bunduki, walikuwa na amri, na walikuwa wanaingia nchi ambayo waliowangoja waliijua jiwe kwa jiwe. Wale nao walikuwa wana wa watu. Wazo la mkato halikupigiwa kura, lilikufa lenyewe.

Kilichobaki kilikuwa ubishi wa pesa. Chama chetu kina akiba ya miezi tisa, na wengine walitaka tununue winchi ya pili. Wengine tulitaka pesa hiyo imlipe mwenyeji wa kutuongoza kutoka Baragoi hadi ziwani na kurudi, mtu wa kule, anayejulikana kule, na alipwe kikamilifu, si soda na ahsante. Hoja yangu ilikuwa moja tu. Winchi hutoa gari kwenye matope. Haiwezi kukuambia kwamba wiki iliyopita kulikuwa na shida kwenye kijiji kile, au kwamba mvua imenyesha Nyiro usiku na laga litajaa saa nane. Thomson na Teleki walikuwa na vifaa vya wakati wao. Walifika kwa sababu ya Kimameta. Winchi ya pili imeahirishwa.

Mama wa mmoja wetu, anayetupikia chai siku za vikao, alitusikiliza wiki nyingi akipita na sufuria. Siku moja akauliza, "Sasa nyinyi vijana, mnarudi lini?" Tukaanza kumwambia tarehe ya kuondoka, Januari, wakati kumekauka. Akatukatiza. "Hiyo sijauliza."

Tangu siku hiyo daftari letu limegeuzwa. Ukurasa wa kwanza ni tarehe ya kufika Malinya. Ukurasa wa pili ni siku ya kuondoka Loiyangalani, tuwe tumeshiba ziwa au la. Kisha kiasi cha dizeli ambacho kikifikiwa tunageuza, hata kama mbele tunaona maji yanametameta. Kisha South Horr, kituo chetu, ambapo pikapu itabaki na watu wawili, jerikeni mbili, nusu ya maji na simu ya setilaiti ya kukodi. Land Cruiser itaendelea na watano pamoja na mwenyeji. Isiporudi ndani ya saa 48, waliobaki hawafuati peke yao. Wanatoa habari kwanza, wanatafuta watu wa pale, ndipo wanaingia, na kama wameambiwa wasiingie, hawaingii. Ukurasa wa mwisho ndio siku ya kuondoka. Sasa ndiyo rahisi kuliko zote.

Tulikwama kwenye jambo moja: nani abaki South Horr. Vikao viwili vilipita. Kila mmoja ana sababu, huyu ndiye mwenye gari, yule hajawahi kuona ziwa, mwingine ana kamera. Nilisoma tena habari za Jones, polepole, na zile wiki za Mumias. Hakuna aliyesinzia, lakini pia hakuna aliyeinua mkono.

Kikao cha tatu fundi wetu alifika amechelewa, mikono bado ina grisi. Alisema atabaki yeye, kwa kuwa gari likiharibika mbele ni lazima mtu anayejua kulivuta awe nyuma, si ndani yake. Akaomba kitu kimoja: kwenye orodha ya safari jina lake liandikwe juu kabisa, kabla ya dereva. Tumeliandika hapo.